Jina Langu Umelifanya Ufunguo

"Umempa nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Mwanaume hajalala nyumbani tangu juzi, anaingia asubuhi na shati lilelile la juzi, hajavua viatu, hajasema umeamkaje, anasimama katikati ya sebule anauliza umempa nani.

Mkewe alikuwa anapaka mkate siagi. Akaweka kisu chini.

"Nimempa nani nini?"

"Usinichezee. Neno letu."

"Neno gani? Fundi, kaa kwanza, unayumba."

"Sikai. Neno letu la siri. La simu, la kompyuta, la kila kitu. Tunalijua watu wawili tu duniani, mimi na wewe. Mimi sijampa mtu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, umempa nani?"

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo msije mkapotea. Huyu Fundi, na kila mtu anamwita Fundi hata mkewe, anatunza mitambo ya tovuti moja ya habari. Tovuti kubwa, ile ambayo watu wanaifungua kabla hawajanawa uso ili wajue nani kafa, nani kafunga bao, nani kaachana na nani. Wasomaji wengi wamejiandikisha humo ili watoe maoni na watumiwe habari: jina, namba ya simu, barua pepe. Juzi asubuhi wezi wakaingia, wakabeba vyote. Kwenye ukurasa wa mbele, mahali pa habari, wakaacha picha ya kufuli lililo wazi na maneno mawili: "Ahsanteni wenyeji." Haikufika mchana, wasomaji wakaanza kupigiwa simu na matapeli wanaowataja kwa majina yao kamili.

Fundi alitafuta dirisha lililovunjwa, akalikosa. Kumbe hakuna kilichovunjwa. Mwizi alipita mlango mkubwa, kwa barua pepe ya Fundi na neno la siri la Fundi, tena akalipatia mara ya kwanza. Na neno lenyewe lilikuwa jina la mkewe.

Si jina la kwenye vyeti, jamani. Jina la mapenzi. Wakati wa uchumba yule binti alikuwa na mdomo usiojua kuchoka. Wakitoka stendi kwenda kwao anaongea njia nzima, kijana anasikiliza na kucheka, na akamwita Chiriku. Walipooana wakakubaliana kwamba hawafichani kitu, neno la siri liwe moja kwa vyote. "Mlango wangu wowote utafunguka kwa jina lako," kijana akasema, na binti akaona hajapata kuambiwa kitu kitamu hivyo. Likawa Chirikuwangu, na tarakimu mbili za mwaka wa ndoa mwishoni.

Kazini Fundi huwafokea wenzake kila siku, kila mlango na neno lake, msiwe wavivu! Lakini la kwake hakuligusa. Mganga hajigangi. Na kibaya zaidi, lile jina lilihamia kwenye kompyuta likabaki hukohuko. Kila asubuhi Fundi analiandika kwa vidole, ila mdomoni limeshatoka siku nyingi. Nyumbani mkewe siku hizi anaitwa "we, sikia."

Haya, turudi sebuleni.

"Sijampa mtu," mke akasema.

"Fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Sijampa mtu. Kaa unywe chai."

"Na yule Mpiga Picha je?"

Mke akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Mpiga Picha aliwahi kumchumbia zamani, kabla ya Fundi, akakataliwa kistaarabu, naye akaelewa kistaarabu.

"Alikuwa saluni kwako wiki hii," Fundi akasema. "Zaidi ya mara moja. Na siku hizi anawapigia picha wapinzani wetu. Usiniambie hayo yamekutana tu njiani."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu ndiyo wifi."

"Usimwingize dada yangu."

"Simwingizi, Fundi. Anaingia mwenyewe, tena yeye hahitaji hata neno la siri."

Fundi hakucheka. Siku nyingine angecheka.

"Mimi ni msusi," mke akasema taratibu. "Yeye anapiga picha misuko, mimi naziweka mtandaoni, wateja wanakuja. Wifi mwenyewe alikuwepo, kapigwa mbili, kazikataa anasema zimemnenepesha. Haya yote nilikwambia, ukiwa umekaa hapo hapo kwenye hicho kiti."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulisema mmh."

Fundi akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Macho yalikuwa mekundu.

"Mhariri Mkuu anataka kukuona," akasema. "Leo mchana, ofisini."

"Mimi? Mimi na Mhariri wenu tuna nini?"

Fundi akainama kulegeza kamba za viatu.

"Fundi. Umemwambia nini?"

"Aliniuliza nani mwingine analijua hilo neno. Nikamwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba... labda wewe."

"Labda mimi nini?"

"Labda limekutoka mahali. Sikusema umeiba! Nimesema labda limekutoka. Watu wote wananitazama mimi pale ofisini, unajua? Anatafutwa wa kufukuzwa. Ningesemaje?"

Mke akavuta kiti akakaa. Alikuwa na wateja wanamngoja, na miguu ilikuwa inamuuma tangu jana, ila hicho hakikuwa kitu. Kilichomuuma ni kwamba bosi wa watu amepelekewa jina lake kabla yeye mwenyewe hajaulizwa.

"Yaani umenishtaki huko kwanza," akasema, "halafu ndiyo umekuja kuniuliza."

"Usiligeuze hivyo."

"Sina nguvu ya kugeuza kitu, Fundi. Hata ya kugombana sina. Nitakuja huo mchana. Kunywa chai, ulale kidogo, unanuka ofisi."

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi. Mkate haukuliwa na mtu.

*

Saluni yake iko chini ya jengo lenye duka la dawa, chumba kimoja chenye vioo viwili na feni inayozunguka ikilalamika. Mteja wa kwanza alikuwa ameshakaa.

"Da' Msusi, mumeo ndiye anayeshika mitambo kwenye ile tovuti, siyo?"

"Ndiye."

"Basi mwambie ahsante. Jana kuna mtu kanipigia, kanitaja jina langu mpaka la babu, anasema nimeshinda pikipiki. Mimi na pikipiki wapi na wapi?"

"Ulimpa kitu?"

"Nimpe nini? Nilimtukana nikakata. Lakini jirani yangu kaingia mkenge, kawasomea na tarakimu walizomtumia kwenye simu, sasa hivi wenye akaunti yake ni wao. Picha zake, mazungumzo yake, kila kitu. Wanawaandikia ndugu zake kama ni yeye."

Msusi akachukua fungu jingine la nywele. Vidole viliendelea kusuka. Simu ikaita, akaibana kwa bega. Alikuwa wifi.

"Wifi yangu mpenzi, hujambo? Nasikia mambo yameharibika."

"Umesikia wapi, wifi?"

"Kaka kanipigia. Mimi usinitie mdomoni, mimi sikusema kitu. Nilisema tu nilichoona."

"Uliona nini?"

"Si yule bwana wa kamera? Mlikuwa mnacheka."

"Tulikuwa tunazicheka zile picha zako, wifi."

"Haya bwana. Mimi sisemi."

"Usiseme. Nina kichwa cha mtu mkononi." Akakata.

Mchana ulikuwa unakaribia na rasta zilikuwa zimeisha. Akapiga kule anakoagiza nywele, duka la mtandaoni analolitumia tangu alipofungua saluni. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfungulia akaunti siku ile, yeye akiwa anapaka rangi kuta.

"Dada, akaunti yako tumeifunga," muuzaji akamwambia.

"Mmeifunga? Nimewakosea nini?"

"Hujakosea. Ila tulipoibiwa taarifa za wateja tuliwapigia wote mbadilishe neno la siri. Wewe tulikupigia mwenyewe. Hukubadilisha, na siku zilikuwa zimepita, tukaifunga kwa usalama wako."

Vidole vya msusi vikasimama.

"Ile simu yenu, naikumbuka... ilikuwa ya maneno ya siri?"

"Maneno na barua pepe, dada. Ndiyo maana tulihangaika na kila mteja. Hawa wezi hawana haja na rasta zetu. Wanachukua ile barua pepe na lile neno, wanazunguka nayo mjini wanajaribu kila mlango. Wakikuta umetumia neno hilohilo pengine, wameingia."

"Barua pepe yangu hapo imeandikwa ipi?"

Muuzaji akamsomea. Msusi akafumba macho. Wakati ule yeye hakuwa na barua pepe, na Fundi alikuwa na haraka, akaandika ya kwake ya kazini. Neno akaweka lilelile. "Usije ukalisahau," alimwambia, akambusu kwenye paji la uso lenye rangi.

"Da' Msusi, mbona umesimama?" mteja akauliza.

"Nisamehe. Nipe dakika moja."

Akafungua mazungumzo yake na mumewe, akapandisha juu, juu, juu. Nusu ya mazungumzo yalikuwa yeye peke yake. Leta sabuni. Umekula? Mama anakusalimu. Unarudi? Akafika. Akasoma. Hakufurahi hata kidogo, na hilo nawaambia ili msidhani alipiga vigelegele. Alirudisha simu mfukoni akamalizia kichwa cha mteja kwa adabu zote.

*

Mhariri Mkuu ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na sauti isiyopanda. Ofisi yake ina kuta za kioo, na nje ya vioo wafanyakazi walikuwa na simu masikioni, kila mmoja anamwambia mtu pole. Fundi alikaa upande mmoja, mkewe upande wa pili.

"Samahani kukutoa kazini, mama," Mhariri akasema. "Sikuiti kukuhukumu. Wasomaji wetu wanatapeliwa, na mimi lazima nijue mlango ulifunguliwaje, ili niwaambie ukweli. Kuna neno la siri lilitumika. Nalitaja kwa sababu tumeshalifuta. Chirikuwangu."

Mmoja wa wafanyakazi alikuwa ameingia na karatasi. Akasikia, akatabasamu, akaona nyuso za watu, akatoka taratibu.

"Chiriku ni nani?" Mhariri akauliza.

Fundi akatazama meza.

"Ni mimi," mke akasema. "Au nilikuwa mimi."

"Kuna mtu ulimwambia?"

"Hapana, mama. Nani anamwambia mtu jina analoitwa na mumewe? Tena nilikuwa nimeanza kulisahau mwenyewe."

"Mumeo anasema kuna mpiga picha..."

"Mpiga picha anapiga picha. Hajui hata jina langu la utani." Akatoa simu, akaiweka mezani. "Sikupenda kuja na hiki. Nilitamani mwenzangu akumbuke mwenyewe. Nimempa nafasi tangu nimekaa hapa."

Fundi akainua kichwa.

"Nikumbuke nini?"

"Soma, Fundi. Soma kwa sauti."

Fundi akaichukua simu. Sauti ilimtoka kavu.

"'Mume wangu, wale wa nywele wamepiga simu. Wameibiwa maneno ya siri ya wateja. Wanasema tulibadilishe, na popote tulipolitumia tulibadilishe pia. Mimi sijui kubadilisha, nakutegemea wewe. Usisahau tafadhali.'"

"Na jibu," mke akasema.

Fundi hakusoma. Hakukuwa na cha kusoma. Mhariri akanyoosha shingo akaona mwenyewe. Lilikuwa dole gumba.

Feni ya ofisi ile haina kelele, ndiyo kwanza wakaisikia.

Sasa hapa Fundi alikuwa na njia. Angeweza kusema alikuwa na kazi nyingi, ujumbe ulipita, mke angemfafanulia zaidi. Wanaume wengi wangeshika njia hiyo, na Mhariri angeikubali, maana anamhitaji. Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama nje ya kioo kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kuna zaidi," Fundi akasema. "Wale wa nywele waliniandikia na mimi. Kwenye barua pepe ya hapa kazini, maana akaunti nilifungua mimi. Niliifuta bila kuifungua. Nilidhani ni tangazo la mawigi."

"Fundi!" Mhariri akavua miwani.

"Ni mimi, mama. Neno nililichagua mimi, barua pepe niliandika mimi, onyo nilifuta mimi, na mke wangu aliponiambia nilimpa kidole. Yeye hajafanya kosa lolote isipokuwa kuniamini. Nilimtaja hapa kwa woga. Nafuta nilichosema."

"Kufuta unajua," mke akasema polepole.

Mhariri aliwatazama wafanyakazi wake nje ya kioo. Kisha akavaa miwani.

"Nikikufukuza leo, nani atafunga mlango? Utaufunga kwanza, na la kazi yako tutalizungumza mlango ukishafungwa. Lakini barua ya kwenda kwa wasomaji utaiandika wewe, kwa jina lako, ukweli mtupu. Na simu za malalamiko utapokea wewe mwenyewe. Kila anayepiga, utamsikiliza mpaka amalize."

"Sawa, mama."

"Na wewe, binti yangu," Mhariri akamgeukia mke, "nakuomba radhi. Nilikuita hapa kwa neno la mtu aliyeogopa."

"Haina neno, mama. Nimezoea kuja mwisho." Akasimama, akatundika mkoba begani. "Fundi, mimi nakwenda kwa shangazi. Funguo za nyumbani unazo. Ule mlango ni wa chuma, hauhitaji jina langu."

"Subiri tuongee."

"Nimeongea, Fundi. Miaka yote hii naongea. Nimechoka kuongea na kidole."

*

Barua ilitoka. Fupi, na chini jina la Fundi. Iliwaambia wasomaji nini kimeibiwa, kwamba aliyelegea ni yeye, wabadilishe neno la siri hapa na popote walipolitumia, kila mlango liwe lake, na wasimsomee mtu yeyote zile tarakimu zinazokuja kwenye simu, hata akijifanya ni Fundi mwenyewe. Kisha simu zikaanza.

Walimtukana. Mwanamke mmoja alilia. Mwingine alimwambia mwanawe wa chekechea anaweza kufunga mlango vizuri zaidi. Fundi alisikiliza. Siku ya kwanza alikuwa anajibu kabla mtu hajamaliza, wakazidi kukasirika. Baadaye akajifunza kunyamaza, na akagundua kwamba watu wakisikilizwa hushuka wenyewe.

Wifi naye akapiga.

"Kaka, nasikia amekukimbia. Mimi nilisema..."

"Dada, wiki hii namsikiliza kila anayenipigia mpaka mwisho. Wewe nakukatia." Akakata.

Kwa mkewe aliandika ujumbe mrefu, wa kuomba msamaha, wa kueleza, akaufuta, akaandika mwingine mrefu zaidi, akautuma. Alikaa na simu mkononi.

Jibu likaja. Dole gumba.

Nyie! Fundi alilitazama lile dole mpaka kioo kikazima. Ndipo akajua lina uzito gani likikufikia wewe.

Kule kwa shangazi mambo hayakuwa mazuri pia.

"Mwanangu, sikufukuzi," shangazi akasema siku moja wakichambua mchele. "Ila wewe si ndiye uliyekuwa unanitoboa masikio tangu mtoto? Mbona siku ya ngapi hii nakaa na bubu?"

"Nimechoka, shangazi."

"Umechoka naye?"

"Nimechoka kusema mambo yanadondoka chini. Bado nampenda, hilo ndilo linanichosha zaidi."

Shangazi akapepeta mchele.

*

Asubuhi moja simu ikaita, sauti ya mzee, kali.

"Wewe ndiye uliyeandika ile barua?"

"Ndiye mimi, mzee. Pole kwa usumbufu."

"Kosa lako wewe mwenyewe au la kampuni? Maana kampuni husema kosa letu, halafu humwoni mtu."

"Langu. Kwa mikono yangu."

"Hm. Haya. Nifanye nini?"

"Badilisha neno lako la siri, mzee. Hapo kwetu na kokote ulikolitumia."

"Sibadilishi."

"Mzee, wezi wanaweza..."

"Nimekwambia sibadilishi. Ni jina la marehemu mke wangu. Watoto wako mbali, wajukuu hawakumjua. Mahali pekee ninapomwandika ni hapo, kila asubuhi nikifungua habari zenu za uongo. Nikilitoa hapo nitalitaja wapi?"

Fundi alikuwa na jibu la kitaalamu mdomoni. Akalimeza.

"Alikuwa mtu wa namna gani, mzee?"

Upande wa pili kiti kikalia. Kisha mzee akaanza. Alisimulia jinsi mkewe alivyokuwa anaimba vibaya akifua, jinsi alivyomficha viatu ili asitoke, jinsi walivyokosana kwa sababu ya redio wakakaa bila kusemezana, na redio yenyewe ikaharibika. Fundi hakumkata hata mara moja. Taa za simu nyingine zilikuwa zinawaka, akaziacha.

"Basi nielekeze," mzee akasema mwishoni, sauti imelegea. "Hilo la kubadilisha. Leo nimemtaja vya kutosha."

Fundi akamwelekeza, hatua kwa hatua. Akamweleza na namna ya kuifanya simu yake iulizwe kwanza kabla mtu hajaingia.

"Wewe una mke?" mzee akauliza wakati wa kuaga.

"Ninaye."

"Yuko hapo?"

"Yuko kwa shangazi yake."

"Mzima?"

"Mzima, mzee."

"Sasa unafanya nini kwenye simu na mimi, mpumbavu wewe?"

Akakata yeye.

*

Saluni ilikuwa imejaa. Wateja watatu kwenye benchi, mmoja kitini amesukwa nusu. Fundi akasimama mlangoni, amenyoa, shati safi halijapigwa pasi.

Mkewe alimwona kwenye kioo. Hakugeuka.

"Karibu. Unasuka au unanyoa?"

"Nimekuja kwako."

"Nina kazi."

"Nitasubiri."

Akakaa kwenye benchi, katikati ya wanawake, magoti yamebanana. Wakamtazama. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, huyu ndiye yule wa barua.

"Umefunga mlango wenu?" mkewe akauliza, macho kwenye msuko.

"Nimefunga. Kila mlango una neno lake sasa. Kazini, barua pepe, ile akaunti yako ya nywele nimekuachia uweke neno mwenyewe, mimi nisilijue."

"Na la zamani?"

"Nimelitoa kila mahali."

"Umelifuta."

"Nimelitoa kwenye mashine. Sikulifuta, nimekuja nalo."

Vidole vikapunguza mwendo, lakini havikusimama.

"Nilipokuwa naliandika kila siku nilijiona nakupenda kila siku," Fundi akasema. Hakujali benchi zima linasikia. "Kumbe nilikuwa naiambia kompyuta. Wewe nilikuwa nakuambia mmh. Ukasema na mimi, sikusikia, watu wakaibiwa. Halafu nikakusingizia wewe. Sina cha kujitetea. Nilikuwa nataka nikuite tu."

"Niite basi. Si umekuja?"

"Chiriku."

"Unamwita nani?"

"Wewe."

"Kwa sauti hiyo? Kwa bosi wako jina langu lilifika vizuri tu."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema "eeh!" akaziba mdomo. Fundi akasimama. Masikio yalikuwa yanamwaka moto kwa aibu.

"Chiriku!"

Feni ikalalamika juu yao. Msusi alikuwa ameshika nywele za watu, kichwa kimeinama, na chozi likamdondokea mteja shingoni.

"Da' Msusi," yule mteja akasema bila kuthubutu kugeuka, "itika basi, shingo inaniuma."

"Abee," akaitika.

Benchi likapiga makofi. Yeye akajifuta kwa mkono wa gauni na kumwambia mumewe akae, asizibe mwanga, vichwa bado vitatu.

Fundi alikaa mpaka vichwa vikaisha. Wakafunga saluni jua likiwa bado lipo, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani, na kwa kipande kirefu hakuna aliyesema. Halafu mke akaanza, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na ganzi.

"Kuna mteja mmoja, yule aliyekuwa pembeni yako, ana dada yake anaolewa. Sasa huyo dada mtu kamkataza bwana harusi..." Akasimama ghafla. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Dada mtu kamkataza bwana harusi. Kamkataza nini?"

Chiriku akamtazama usoni kuhakikisha. Simu ya Fundi ililia mfukoni, hakuigusa.

"Haya," akasema, akamshika mkono, "kamkataza asimlete mama yake. Sasa sikia kilichotokea..."

Aliongea njia nzima.